Vipepeo Mlangoni kwa Muhanga

Kaka yangu Gregori alikuwa na neno moja kuhusu muhanga, na alilisema kila alipopata msikilizaji, hata asiyetaka kusikia. "Muhanga na kipepeo wa jioni ni wapangaji wa nyumba moja," alisema, "ila hawajawahi kuonana." Kisha alinyamaza akingoja umuulize kwa nini. Usipouliza, alikueleza hivyo hivyo.

Nami nitaeleza, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa yaliyompata mdogo wetu Josephat. Muhanga ni mnyama mzito, ana masikio ya punda na pua ndefu ya kunusia mchwa, na kucha zake huingia kwenye ardhi ambayo jembe linadunda. Mchana hulala chini. Akishaingia, husukuma udongo nyuma yake mpaka mlango ukazibika, akajiachia upenyo wa pumzi tu. Kipepeo wa jioni hana uzito hata wa unyoya. Rangi yake ni ya jani kavu, na akifunga mbawa unaweza kumkanyaga usijue. Lakini naye hapendi jua, naye hutoka jua likizama, naye mchana hutafuta giza la kujificha, na huku kwetu milimani, juu ya Tingi, giza la bure linapatikana kwenye mashimo ya muhanga. Hapo ndipo wanapopishana. Muhanga akiwemo, mlango umezibwa na kipepeo hana pa kutua. Kipepeo akilala mlangoni, mwenye nyumba hayumo.

"Vipepeo mlangoni, shimo tupu." Tulifundishwa hivyo sote tukiwa wadogo, kama tulivyofundishwa sala ya kula. Baba alimfundisha Gregori, Gregori akamfundisha Josephat. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kuuliza kipepeo kayajuaje ya ndani.

Mwaka ule nungunungu walikuwa wanatumaliza. Nungunungu hapendi kazi ya kuchimba, huhamia mashimo ambayo muhanga kayachoka. Walikula mihogo ya Brigita, mke wa Josephat, wakaacha majani yamesimama wima shambani kama hakuna kilichotokea, mpaka ukivuta shina linakuja bila kitu. Josephat akasema ataingia kuwatoa. Kwetu kazi hiyo ina utaratibu wake. Mwembamba huingia kwa tumbo, tochi kichwani, mkuki mfupi mkononi, kamba ya katani imefungwa kifundoni mwa mguu. Mwenzake hubaki nje ameshika kamba. Ikivutwa kwa nguvu kutoka ndani, usiulize swali, mtoe. Josephat alikuwa mwembamba, na mtu pekee aliyemwamini kushika kamba yake alikuwa Gregori.

Mimi na Brigita tulikuwa shambani, tunafukua mihogo iliyobaki. Tulimsikia Gregori akiita, tukapanda mbio. Ardhi juu ya shimo ilikuwa imebonyea kama kitanda kilichokatika kamba. Gregori alikuwa anavuta, miguu ameikita, mishipa imemtoka shingoni. Kamba ilikuwa nzito, kisha ghafla ikawa nyepesi, naye akaanguka chali. Tukaivuta yote mpaka mwisho. Kitanzi cha mguuni hakikuwa kimekatika wala kukatwa. Fundo lilikuwa limefunguliwa.

Wanaume wa kijiji walikuja na majembe wakachimba pale juu, lakini kila walipotoa karai moja udongo uliporomoka makarai mawili. Wakati huo Gregori aliongoza wengine kukagua milango mingine, maana muhanga hana nyumba ya mlango mmoja, na mteremko wetu wote una mashimo kama nguo iliyoliwa na panya. Waliokuta mlango umezibwa walifukua. Waliokuta vipepeo walipita. Na kila shimo lililosemwa ni tupu lilichomekwa tawi la mnyaa kooni mwake, shina likielekea ndani na ncha zake nje, ili mtu wa pili asipoteze muda hapo. Tunatumia mnyaa kwa sababu haukauki upesi, na kwa sababu hakuna mnyama anayeugusa. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha.

Shimo la chini kabisa, karibu na korongo, Gregori alilikagua mwenyewe. Nilimwona kutoka juu. Aliinama, vipepeo wakainuka wengi kwa pamoja, wakamzunguka kichwa, wakatulia tena. Akachomeka tawi lake, akapanda akijifuta mikono kwenye suruali.

"Tupu," alisema.

Magharibi ile Brigita alilaza sikio lake juu ya ardhi. Alikaa hivyo muda mrefu, mtandio umemwanguka, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake, sijui kwa nini. Akasema, "Kuna kitu kinakwaruza."

Gregori akamjibu kwa upole, "Shemeji, huyo ni muhanga. Saa zake za kuchimba ndizo hizi."

Hatukumpata Josephat. Tulirudi pale na majembe siku baada ya siku, mpaka wanaume wakaanza kutazamana, na baada ya kutazamana wakaanza kusema. Mtu hayeyuki. Fundo halijifungui. Kama alilifungua kwa mkono wake, basi alikuwa hai na alikuwa na shughuli zake. Muhanga ana milango mingi, na Josephat alikuwa mwanafunzi wa muhanga. Mara tukasikia kaonekana Milola, kwenye mnada wa korosho, amevaa shati jipya. Mara ana mwanamke huko. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na watu wetu waliongeza la kwao: mwanamume hatoroki mke mwema kwa kupita chini ya ardhi.

Gregori ndiye mkubwa wetu, na baba alishatangulia, kwa hiyo neno lilikuwa lake. Alisema mtu hazikwi kwa kukosekana. Hakuna matanga, hakuna misa, mpaka ijulikane. Nadhani aliamini kabisa kwamba Josephat yuko Milola. Nadhani pia alihitaji kuamini. Na mimi nisijitoe, niliamini pamoja naye, nikawa nikitwanga namtukana ndugu yangu kila mchi unaposhuka.

Aliyebaki katikati ni Brigita. Hakuwa mjane, kwa hiyo hakuna aliyemletea unga wala kukaa naye kwenye mkeka. Hakuwa na mume, kwa hiyo hakuna aliyemheshimu kama mke wa mtu. Akivaa kanga nyeusi, watu walisema anamtabiria mwenziwe kifo. Akivaa ya maua, walisema haya basi, tumeshaelewa. Siku moja alinishika mkono kisimani akaniambia, "Wifi, mimi sitaki kitu kwenu. Nataka nilie tu. Mwambie kaka yako anipe ruhusa nilie."

Nilimwambia Gregori. Akasema, "Atamlilia mtu mzima wa afya?"

Basi hakulia. Badala yake vipepeo wakaanza kuingia ndani kwake.

Nilihamia kwa Brigita, kwa sababu alianza kusahau kula, kwa hiyo haya niliyaona, sikuhadithiwa. Jua likizama tu, kabla hatujawasha taa, walipita juu ya mlango mmoja mmoja, bila sauti, rangi ya jani kavu. Hawakuizunguka taa kama wadudu wengine. Walitua ukutani, upande aliokuwa akiegemea Josephat akivua viatu, wakafunga mbawa, na ukuta ukawa kama hauna kitu. Ukisogea karibu ndipo unapoona ukuta umejaa macho, maana mbawa zao zina madoa ya mviringo, na yale madoa yanakutazama.

Jirani yetu Hamida, aliyeolewa huku kutoka Pande, aliwaona jioni moja alipokuja kuomba moto. Hamida ana imani na kila kitu, na ana moyo mzuri, na vitu hivyo viwili vikikutana hapatoki mtu salama. "Dada Brigita," alisema, "kwetu pwani kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Wallahi, hakosi. Tena hawa wengi hivi, huyo mgeni si wa kulala siku moja."

Tangu hapo Brigita akawa anaweka kiti. Kila magharibi alikifuta vumbi, akakielekeza mlangoni, akapakua sahani ya tatu na kuifunika kwa kawa. Tulikula tukikitazama kiti. Nilitaka kumkataza nikashindwa, kwa sababu nami nilikuwa nakitazama.

Kisha yakaanza makwaruzo. Brigita aliyasikia kwanza, chini ya sakafu ya udongo, upande wa jikoni. Nikasema ni panya. Jioni nyingine nikayasikia mwenyewe. Hayakuwa ya panya. Ilikuwa ni kazi ya mtu asiye na haraka, anakwaruza, anapumzika, anakwaruza. Niliacha mwiko sufuriani nikatoka nje. Gregori alipokuja kutujulia hali alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Muhanga," akasema. Kwa Gregori kila kitu kilikuwa muhanga.

"Na kama ni yeye?" Brigita akauliza.

"Yeye yuko Milola, shemeji."

Aliaga mapema kuliko kawaida yake. Nilimsindikiza mpaka uani, na gizani nikamwona ananyanyua miguu juu, anakanyaga taratibu, kama mtu anayepita chumba chenye mgonjwa aliyelala. Hapo nikajua kwamba naye anasikia, na kwamba nyumba yake ni kama yetu.

Masika yakapita, kiangazi kikaingia, mabibo yakaiva. Wakati wa mabibo huku kwetu hewa yote inanukia tamu na kali, maana tunachukua korosho na matunda mengi tunayaacha yakiozea chini. Siku hiyo mimi na Brigita tulikuwa tunaokota korosho. Chini ya kila mkorosho vipepeo wa jioni walikuwa wamejaa juu ya mabibo yaliyooza, mchana kweupe kivulini, wanafyonza. Brigita alikuwa anawatazama kuliko anavyookota. Hamida akaja kutoka korongoni na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akakaa juu yake.

"Nyie watu wa Tingi mnashangaza," alisema. "Mmegeuza mashimo kuwa bustani. Ile minyaa mliyochomeka mwaka jana imeshika mizizi yote. Kila shimo lina kichaka chake kimesimama mlangoni, utadhani askari."

Nilicheka. Mnyaa ndivyo ulivyo, hata ukiutupa njiani huota. Brigita hakucheka.

"Yote?" akauliza.

"Yote, ila lile la chini kabisa, pale korongoni. Lile halina kitu. Pale sipiti karibu, vipepeo ni wengi mno, mwili unanisisimka."

Brigita akaweka kapu chini. "Wifi, hilo la chini lilichomekwa?"

"Lilichomekwa," nikasema. "Nilimwona Gregori kwa macho yangu."

Brigita alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mkorosho, akashika njia ya kwa Gregori, nami nyuma yake. Tulimkuta uani anasuka tenga. Brigita alimsimamia mbele, jembe begani, bila hata kumwamkia.

"Shemeji, tawi la shimo la chini liko wapi?"

Gregori aliinua uso. Mikono yake iliendelea kusuka. "Mbuzi wamekula."

"Mbuzi gani anakula mnyaa?"

Mikono ikasimama. Nilimtazama kaka yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akikosa neno kuhusu mashimo, anatafuta neno na halipo. Mwishowe akasema labda maji ya masika, labda upepo. Lakini alikuwa ameshainuka, na alikuwa ameshashika jembe lake.

Tulishuka sote watatu. Hamida alikuwa kasema kweli. Njia nzima tulipita mashimo yenye minyaa iliyotupita magoti, kijani kibichi katikati ya nyasi kavu, na kila nilipopita mmoja nilisema moyoni, hili tupu, na hili tupu. La chini lilikuwa limefukiwa nusu na udongo wa mvua. Vipepeo walikuwa wamelala kwenye kingo zake, mbawa zimefungwa, wanabanana kama majani yaliyokusanywa na fagio.

Gregori akasimama. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba, "Mnaona wenyewe. Vipepeo mlangoni."

"Mwaka jana walikuwepo hivi hivi?" Brigita akauliza.

"Hivi hivi. Ndiyo maana nikasema tupu."

Brigita akawainamia vipepeo. Alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayehesabia mtoto vidole. "Josephat hakuingia kwa mlango huu, shemeji. Aliingia kwa juu. Kipepeo wa hapa angeshtushwa na nini? Alikuambia hakuna aliyetoka. Hakukuambia hakuna aliyemo."

Gregori alipiga jembe la kwanza kwa nguvu, vipepeo wakaruka wote, na hatukuweza kuonana kwa muda, mbawa zao zinatugusa nyuso. Kisha Brigita akamshika mkono akamwambia, taratibu. Tukaacha majembe, tukachimba kwa mikono.

Tawi ndilo tulilolipata kwanza. Lilikuwa ndani kabisa ya koo la shimo, pale linapopinda, limelala kwa urefu wake, limekauka na kuwa jeupe. Vitawi vya ncha yake vilikuwa vimeburutwa chini ya udongo, nyuma ya shina, njia nzima kutoka mlangoni. Kitu kilikuwa kimelivuta kutoka ndani. Tukafuata shina, tukifuta udongo kwa vidole, na mwisho wa shina kulikuwa na mkono. Mifupa yake ilikuwa bado imelizunguka. Nyuma ya mkono, mkanda wa tochi. Nyuma ya hapo udongo ulikuwa mgumu, umemwangukia kuanzia kifuani kwenda miguuni.

Sikuhitaji kuelezwa, na sidhani kama kuna aliyehitaji. Ardhi ilipoporomoka ilimtenga na Gregori, na kaka mtu, kwa wema wake, alipokuwa anavuta kamba alikuwa anamvutia mdogo wake chini ya kifusi. Ndiyo maana Josephat alifungua fundo. Akatambaa kuelekea mwanga wa mlango wa chini, na ardhi ikamwangukia mara ya pili, akiwa karibu kufika, kifua kimebanwa hawezi kupiga kelele. Labda alizimia. Labda alimsikia mtu anakuja, akaona mwanga unazibwa na kivuli cha kaka yake, akasikia neno "tupu." Akabaki na tawi mbele ya uso wake.

Na sisi tulikuwa tumemfundisha. Ukitaka kutolewa, vuta. Hakuwa na kamba tena, akavuta alichokipata.

Gregori alipiga magoti akashika ule upande wa ncha, upande wa nje. Aliushika kwa mikono miwili, kama alivyoshika kamba siku ile, miguu ameikita kwenye udongo. Hakuvuta. Alikaa hivyo tu, ameshika, na nilipomgusa bega hakunisikia. Nilikuwa na matusi ya kumtukana yanayotosha mwaka mzima, na nilikuwa na haki nayo, lakini nilipomwona hivyo yalinishinda. Yeye atayasikia yale makwaruzo mpaka afe, na mimi pia.

"Shemeji," Brigita akasema. "Sasa nilie?"

Gregori akatikisa kichwa kukubali, bila kuachia tawi.

Brigita akavua mtandio, akautandaza juu ya ule mkono, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ya mwaka mzima, na watu wa juu mashambani waliposikia walijua mara moja ni kilio cha nini, wakaanza kushuka. Vipepeo walikuwa wanarudi mmoja mmoja. Hawakuwa na mlango tena, wakatua juu ya udongo tuliouchimba, na juu ya mabega yetu.